Huyu si yaya yangu: namna ya kugeuza foto ya mtu kuwa picha ya kuchora kwa telefone



Watu mingi wameniuliza namna ninavyofanya zile picha zangu: foto ya mtu inaingia kwenye telefone, inatoka kama imechorwa kwa rangi na mkono wa fundi. Wengi wanafikiri kuna programu moja ya siri, unabonyeza mara moja, kazi imekwisha. Programu za kubonyeza mara moja zipo kweli, na nitazisema. Lakini nitaanza na siku ile programu ya namna hiyo iliponitia aibu mbele ya familia, maana njo siku niliyoanza kujifunza hii kazi.

Mama yangu mkubwa, yaya wa mama yangu, ndiye aliyelipa minervale yangu toka shule ya msingi mpaka iniversite. Aliuza mpunga na mafuta ya mawese sokoni, akafunga franka kwenye pembe ya kitenge, akaleta. Nilikuwa mwaka wa mwisho, ninaandika TFC, waliponipigia simu kwamba ametutoka. Nilipofika nyumbani tukatafuta foto yake ya kuweka mbele ya watu siku ya matanga. Hatukupata. Mtu aliyeishi zaidi ya miaka 60 hakuwa na foto hata moja ya peke yake. Kwenye foto za ndoa za watu yuko nyuma, amebeba sufuria, na nusu ya uso imekatwa.

Iliyobaki ilikuwa karte yake ya uchaguzi, ile aliyopewa kabla ya uchaguzi wa 2018. Mnajua wenyewe, kwetu ile karte si ya kuchagua tu, njo kitambulisho cha mtu barabarani na kila mahali. Foto yake ni ndogo kama kidole gumba, plastiki imekwaruzwa, sura imefifia.

Mimi kama msomi wa familia nikasema, "Niachieni mimi." Nikapiga foto ile karte, nikapanda kilimani penye rezo, nikaituma kwenye programu moja ya kugeuza foto. Baada ya dakika chache picha ikarudi: ngozi laini, macho yanang'aa, nyuma yake rangi za jioni. Nikafurahi sana. Nikateremka mbio kumwonyesha mama yangu. Akavaa miwani, akatazama, akanirudishia telefone pole pole.

"Huyu mama ni muzuri," akasema. "Lakini si yaya yangu."

Mdogo wangu naye akachungulia: "Yaya, ulimupaka unga?"

Nikaweka karte karibu na picha, nikalinganisha. Kumbe walisema kweli. Ngozi imepanda weupe. Pua imekuwa nyembamba. Kovu lililokuwa juu ya nyusi ya kushoto, alilolipata utotoni akitoka kuokota kuni, halipo tena. Ilikuwa sura ya mtu mwingine aliyevaa kitambaa cha mama mkubwa. Na mimi, niliyelelewa naye, nilikuwa sijaona mpaka nikaambiwa.

Programu inafanya nini na sura ya mtu?

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Hapa nitasema "foto" kwa ile iliyopigwa na kamera, na "picha" kwa ile iliyochorwa. Halafu tujue kwamba programu za kutoka kwenye foto kwenda kwenye picha ziko za aina tatu, na watu wanazichanganya.

Aina ya kwanza inabadilisha sura ya nje ya foto, kama vile kuvalisha nguo. Mwaka 2015 watafiti watatu wa Tübingen, Ujerumani, Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge, walionyesha kwamba kompyuta inaweza kutenganisha vitu viwili: kilichomo ndani ya picha, na namna rangi na mistari yake inavyokaa. Walichukua foto ya nyumba za kando ya mto Neckar, wakazipaka mtindo wa Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, kutoka picha yake ya anga la usiku ya mwaka 1889. Nyumba zilibaki nyumba, lakini anga ikaanza kuzunguka kama ya Van Gogh. Mwaka uliofuata, 2016, programu ya Prisma ikaleta ufundi wa namna hiyo kwenye telefone, na dunia nzima ikaanza kujigeuza picha. Mwanzoni foto ilikuwa inatumwa kwenye seva ya mbali, inafanyiwa kazi huko, kisha inarudi. Programu nyingi bado zinafanya hivyo, njo maana zinakula mega na zinataka rezo.

Aina ya pili inasafisha foto mbovu. Remini ni mfano unaojulikana. Hapa kuna jambo ambalo mtu lazima alielewe sana. Foto ndogo ya karte haina habari ya kutosha. Jicho zima linaweza kuwa na nukta chache tu za rangi, zile tunazoziita pikseli. Programu haiwezi kufufua kitu ambacho kamera haikukipata. Inachofanya ni kukisia. Imesomeshwa kwa foto nyingi sana za watu, basi inajiuliza: jicho la namna hii, kwa kawaida linakuwaje? Halafu inachora hilo jicho la kawaida. Si jicho la mama yako.

Na hiyo kawaida ni kawaida ya nani? Mwaka 2020 watafiti wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu inayoitwa PULSE, ya kukuza foto zilizofifia. Mtu mmoja akaiwekea foto ya Barack Obama iliyopunguzwa pikseli. Wewe na mimi tungemtambua Obama hata hivyo. Programu ikatoa uso wa mzungu. Haikuwa na chuki na Obama. Ilikuwa inarudisha sura za aina ile iliyozoea kuziona.

Si jambo la jana. Toka miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilikuwa inapeleka kwa wasafishaji wa foto kadi yenye mwanamke mweupe, iliyokuja kuitwa kadi ya Shirley, ili wapime nayo kama rangi za ngozi zimetoka vizuri. Akitoka vizuri huyo mama, basi mashine iko sawa. Watu weusi walitoka kama kivuli chenye meno. Miaka mingi baadaye, 2018, Joy Buolamwini wa MIT na Timnit Gebru, aliyezaliwa Addis Ababa, walipima programu tatu za biashara zinazosema kama uso ni wa mwanaume au wa mwanamke. Walitumia foto za wabunge 1,270 wa nchi sita, na Rwanda jirani yetu ilikuwemo. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi yalifika mpaka asilimia 34.7. Na mwaka 2017 FaceApp ilikuwa na filta ya kumfanya mtu apendeze. Watu wakaona inawafanya weupe, na mkubwa wa kampuni akaomba msamaha.

Kwa hiyo mdogo wangu aliposema "ulimupaka unga", alisema kwa neno moja kile ambacho watafiti walikiandika kwa kurasa nyingi.

Aina ya tatu ni programu za kuchora kwa mkono. Sketchbook na ibis Paint X njo ninazotumia. Hizi hazijui uso ni nini. Zinakupa karatasi tupu, brashi, rangi na tabaka. Ukikosea, umekosea wewe. Na ukishazipakua, unachora bila rezo, ukiwa nyumbani, telefone ikiwa na moto wa kutosha.

Kuchora kutoka kwenye foto si jambo geni kwetu

Msifikiri kwamba kuchora mtu kutoka kwenye foto kumeletwa na telefone. Katika miji ya Kongo wachoraji wamefanya hivyo miaka mingi: mteja analeta foto ndogo, mchoraji anaigawa kwa miraba, anachora miraba ileile mikubwa zaidi kwenye kitambaa, halafu anahamisha uso mraba kwa mraba.

Kule Katanga, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia yote ya nchi, na Lumumba alimchora mara nyingi. Alichora kwenye vitambaa vya mifuko ya unga. Kati ya 1973 na 1974 alimchorea mwanaantropolojia Johannes Fabian picha zaidi ya 100, na maelezo ya kila picha aliyatoa kwa Kiswahili, Kiswahili cha kwetu huku cha kusema, si cha kitabuni. Hakuwepo kwenye matukio mengi aliyoyachora, lakini kila picha aliweza kusema: huyu ni nani, amesimama wapi, na kwa nini nimemweka hivi. Hiyo njo tofauti kati yake na filta. Filta hauwezi kuiuliza.

Basi, tuingie kazini.

Hatua ya 1: Piga foto ya foto

Kama mlicho nacho ni karte au foto ya zamani ya karatasi, usikimbilie. Pangusa kamera ya telefone kwa kitambaa laini. Weka karte kwenye meza, karibu na mlango, asubuhi, kivulini. Jua la moja kwa moja linang'arisha plastiki, na flashi inaacha doa jeupe katikati ya uso. Shika telefone sambamba na karte, isiinamie upande mmoja. Piga mara kumi, chagua moja.

Kama foto iko kwa ndugu aliye Kindu au Bukavu, mwambie asiitume kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, kwa sababu WhatsApp inaibana na kuipunguza. Aitume kama dokima. Inakula mega zaidi, lakini inafika nzima.

Na angalizo moja: kamera ya mbele ya telefone nyingi inageuza kulia kuwa kushoto kama kioo. Kovu la kushoto litahamia kulia. Hakikisha kabla ya kuanza.

Hatua ya 2: Safisha kidogo, usizidishe

Hapa natumia Snapseed. Ni ya bure na haihitaji rezo. Kata pembeni, nyoosha, ongeza mwanga kwenye sehemu za giza, ongeza ukali kidogo sana. Ukali ukizidi, ngozi inakuwa kama mchanga, na wewe utachora mchanga ukifikiri ni uso.

Hatua ya 3: Andaa karatasi na tabaka

Ukitaka picha itoke vizuri kwenye karatasi ya A4, kipimo kamili ni pikseli 2480 kwa 3508. Telefone yenye nguvu ndogo itachoka na kukupa tabaka chache tu. Usilazimishe. Pikseli 1240 kwa 1754 zinatosha kwa picha itakayotazamwa ukutani.

Tabaka ni kama karatasi za plastiki zinazopita mwanga, moja juu ya nyingine. Chini kabisa weka foto, uifunge isiguswe. Juu yake tabaka ya rangi za ngozi. Juu yake macho, pua na mdomo. Juu tena nywele au kitambaa. Ukikosea nywele, unafuta nywele tu, uso unabaki salama.

Kalamu ya kugusa kioo inasaidia, lakini hata kidole kinatosha. Kuza picha, chora sehemu ndogo ndogo. Na ukimaliza kila sehemu, tunza kazi. Mimi nimewahi kupoteza kazi ya usiku mzima kwa sababu batri ilikata. Siku hizi sianzi kabla sijatoka kushariji kwa wenye pano ya jua.

Hatua ya 4: Tafuta rangi ya ngozi kwa watu walio hai

Hapa njo nilipokosea mara ya kwanza, na hapa njo watu wengi wanapokosea. Karte imefifia, rangi yake si ya kuaminika. Nilimwomba mama yangu akae mlangoni asubuhi, nikampiga foto. Yeye na yaya yake walikuwa na rangi moja. Kutoka kwenye foto yake nikachota rangi tano kwa kile chombo cha kuchotea rangi: penye mwanga mwingi, penye mwanga kiasi, katikati, penye kivuli, penye kivuli kizito.

Angalieni vizuri rangi hizo na mtashangaa. Ngozi nyeusi haina rangi moja. Penye mwanga wa mlango haiwi nyeupe, inachukua rangi ya anga, buluu kidogo. Penye kivuli si nyeusi tupu, ni kahawia yenye wekundu ndani. Mtu akitumia nyeupe kwa mwanga na nyeusi kwa kivuli, uso unakuwa wa majivu, kama mgonjwa. Weka mbali nyeupe tupu na nyeusi tupu, utazihitaji kwenye macho tu.

Hatua ya 5: Paka, halafu pakaza

Weka rangi hizo tano kwenye uso kwa mabaka makubwa, bila kuogopa. Itaonekana mbaya. Ni kawaida. Halafu chukua brashi ya kupakaza, ile inayovuta rangi kama kidole kinavyovuta chaki ubaoni. Vuta kufuata umbo la uso: paji la uso kutoka upande hadi upande, shavu kwa kuzunguka, pua kutoka juu kwenda chini. Ukivuta ovyo, uso unalala bapa kama karatasi.

Usipakaze kila kitu. Mistari ya kando ya mdomo, mikunjo ya chini ya macho, iache. Vijana wengi wanafuta mikunjo yote wakidhani wanampendezesha mzee. Ile mikunjo ni miaka ya jua la shambani. Ukiifuta umefuta na miaka.

Hatua ya 6: Macho na kitambaa

Kwenye jicho, chora kwanza kivuli cha kope ya juu, kisha mboni, mwishoni nukta moja ndogo nyeupe. Nukta hiyo ikae upande mmoja kwa macho yote mawili, ule mwanga unakotoka. Ukiziweka pande mbili tofauti, mtu anakuwa kama anatazama mahali pawili. Nyeupe ya jicho nayo si nyeupe, ni ya kijivu au ya maziwa, na kwa mzee inaelekea njano.

Kitenge na kitambaa cha kichwa usivihesabie ua kwa ua. Chora vizuri maua mawili matatu karibu na uso, mengine yaache yafifie. Jicho la mtazamaji litamaliza lenyewe.

Hatua ya 7: Geuza, tazama, rudisha

Programu nyingi za kuchora zinaweza kugeuza picha kama kioo. Geuza. Mara moja utaona jicho moja liko juu, kidevu kimepinda. Tulizoea picha yetu mpaka tukaacha kuona makosa yake, na kuigeuza kunatufanya wageni tena. Rekebisha, kisha usisahau kurudisha.

Hatua ya 8: Ita mashahidi

Hii haimo kwenye programu yoyote, na kwangu njo kubwa kuliko zote. Kabla sijamaliza picha ya mama mkubwa nilikwenda kwa watu watatu, kila mmoja peke yake: mama yangu, binti yake wa kwanza, na jirani aliyekwenda naye sokoni miaka mingi. Sikuwauliza "inafanana?" Ukiuliza hivyo, watu wa kwetu watakwambia inafanana, kwa heshima. Niliwauliza maswali madogo: Kovu lilikuwa refu kiasi gani? Akinyamaza, mdomo ulikuwa umefunga kabisa au ulikuwa umeachia kidogo? Kitambaa alikishusha mpaka wapi kwenye paji la uso?

Walipopingana, nilirudi kwenye karte. Karte ilipokuwa kimya, nilifuata waliokubaliana wawili. Jirani akanipa jambo ambalo hakuna aliyelisema: jicho la kuume lilikuwa linafunga kidogo kuliko la kushoto, kwa sababu ya moshi wa jikoni. Nikatazama karte tena, na kweli, kwenye zile pikseli chache, jicho la kuume lilikuwa dogo. Ile programu ya kwanza ilikuwa imeyasawazisha macho yote mawili.

Mambo ya heshima

Kabla sijamaliza, niseme mambo matatu mafupi.

La kwanza, ukituma sura ya mtu kwenye seva ya mbali, umeitoa mkononi mwako. Soma masharti, hata kama ni marefu. Kwa foto za watoto, na za wasichana wenzetu wa oditwari, omba ruhusa kabla. Kama hauna ruhusa, tumia zile programu zinazofanya kazi ndani ya telefone tu, au acha.

La pili, uliza familia picha itakaa wapi. Kwetu upande wa Kasongo na Kabambare, Waislamu na Wakristo wako ndani ya nyumba moja. Mjomba wangu Mwislamu hakupenda picha ya mtu itundikwe ukutani mahali watu wanapotandika mikeka ya sala. Tukakubaliana: siku ya matanga ilikaa kwenye meza, upande wa akina mama, na baadaye ikahifadhiwa chumbani kwa binti yake. Hakuna aliyekasirika, kwa sababu tuliuliza mapema.

La tatu ni kwa wale wanaotaka kufanya hii kazi kwa kupata franka, kwa ndoa, kwa kolasyo, kwa matanga. Ni kazi halali na diplome haitakatazi. Lakini mwambie mteja ukweli. Kama umebonyeza filta dakika mbili, sema ni filta, na bei iwe ya filta. Kama umechora siku nne, sema siku nne. Na kama sehemu ya uso umeikisia kwa sababu foto ilikuwa mbovu, mwambie ni sehemu gani. Mtu aliyefiwa anaamini kila unachomletea, kwa hiyo usimletee uongo.

Sisemi msiguse filta. Mimi mwenyewe natumia Prisma kwa foto za mandhari, na wakati mwingine kuona rangi za nyuma ya mtu zikae namna gani. Ninachosema ni kwamba uso ukiwa wa mtu unayemjua, wewe ndiye unayejua, si programu. Iache ikusaidie kwenye anga na kwenye majani. Kwenye nyusi, kaa wewe.

Ile picha ya pili ilinichukua siku sita, usiku zaidi kuliko mchana. Nikapanda pikipiki mpaka Kasongo kuichapisha, nikairudisha imefungwa kwenye plastiki mbili kwa ajili ya mvua. Mama yangu akavaa tena miwani. Akaishika mbali, akaileta karibu. Safari hii alikaa nayo muda mrefu, mpaka nikaanza kuogopa.

"Fundo la kitambaa," akasema mwishoni, "Yaya alikuwa analifunga upande wa kuume. Rekebisha."

Nikajua nimempata. Picha ya kwanza hakuikosoa hata kidogo, maana mgeni humwambii namna ya kufunga kitambaa.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna telefone zenye foto elfu mbili, na elfu moja na mia tisa ni zetu wenyewe. Jumapili hii ukifika nyumbani, mweke mama mlangoni asubuhi, kivulini, umpige foto tatu. Na baba, na mama mdogo, na yule jirani. Usingoje kubaki na karte ya uchaguzi. Kuchora tutajifunza pole pole, lakini foto ipigwe wangali hai.